Mwalimu wa udereva Swindon, pauni 38 kwa saa: maoni ya dereva aliyetoka Dar na leseni yake

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Pauni 38 kwa saa, gari otomatiki, na hapunguzi hata senti ukilipia masomo mengi kwa mkupuo. Siku ya mtihani anatoza saa mbili: ya kwanza anakuzungusha mitaani mwili upate moto, ya pili unafanyia mtihani gari lake. Kwa sisi wa kazi za kea, yaani kutunza wazee na wagonjwa, saa yake moja inameza kama saa tatu zetu, na hapo makato bado. Nilipiga hesabu hiyo kabla sijampigia simu, nikaipiga tena leseni ilipoletwa na posta, jibu likawa lile lile. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaisema mbele.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Nimeendesha Toyota IST yangu Dar es Salaam miaka mingi, Mbezi mpaka mjini na kurudi, enzi za foleni ya Ubungo kabla Daraja la Kijazi halijafunguliwa mwaka 2021, wakati ambapo ukiacha upenyo wa mkono mmoja mbele yako daladala imeshaingiza pua. Nilipofika Swindon, Uingereza, kwa viza ya kazi, kuendesha gari hakukuwemo kwenye mambo ya kuninyima usingizi. Huku nako tunapita kushoto, usukani uko kulia, alama nyingi za barabarani ni zile zile tulizozizoea.

Sheria ndiyo iliyonikalisha chini. Ukihamia na leseni ya Tanzania unaruhusiwa kuitumia miezi 12, na inahesabiwa tangu ulipoanza kuishi huku. Si tangu uliponunua gari, na wala haianzi upya ukienda nyumbani Krismasi ukarudi. Ikishapita, barabarani unahesabiwa huna leseni, bima nayo inaingia mashakani, na ukikutwa huna bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Kubadilishana kadi kwa kadi hakuna. Wakenya hawana, Waganda hawana, na wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo hivyo hivyo. Mwenzangu mmoja wa zamu, Mzimbabwe, alijaza fomu, akatuma leseni yake na pauni 43, akaletewa ya Uingereza nyumbani. Nchi yake imo kwenye orodha, pamoja na Afrika Kusini. Siku aliponionyesha ile kadi nilimpongeza kwa mdomo tu.

Basi unaanza sifuri pamoja na vijana wa miaka 17. Leseni ya kujifunzia pauni 34 ukiomba mtandaoni, mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62 siku za kazi, 75 jioni na wikiendi. Hizo ni bei za serikali, hakuna wa kukupunguzia. Kinachomaliza mfuko ni masomo. Na kuacha nako hakuwezekani, kwa sababu kazi za kea za nyumba kwa nyumba karibu zote zinataka mwenye leseni. Asiye nayo anapangiwa kwenda wawili wawili, akalie kiti cha abiria kwenye gari la mwenzake, au abaki na zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa nimeshachoka usiku.

Shule ya kwanza niliyoiendea siitaji jina. Binti wa mapokezi aliniuliza kama nimewahi kushika usukani, nikamweleza yote hayo ya Mbezi na Ubungo, akasema safi sana, kisha akanisomea kifurushi cha saa 30 cha kulipia mapema. Nikauliza kama mwalimu hawezi kunipima kwanza tukajua nahitaji saa ngapi. Akasema utaratibu wao ndio huo. Nikaomba somo moja la kuonja. Gari lilipokuja nikaona pembetatu ya waridi kwenye kioo cha mbele.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Mwalimu aliyefuzu anabandika beji ya kijani yenye pembe nane. Pembetatu ya waridi ni ya ambaye bado yuko mafunzoni. Sheria inamruhusu kufundisha na kulipwa, sina ugomvi na hilo, ila bei niliyosomewa ilikuwa ya mwalimu kamili. Kijana mwenyewe alikuwa mpole. Lakini saa nzima tulijifunza kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, kwenye mtaa usiopita gari hata moja. Sikurudi.

Huyu ninayemwandikia leo nilielekezwa na mama mmoja wa Kikongo tunayesali naye. Ni Mgoa, mtu wa Goa ya India, wa makamo (Swindon ina Wagoa wengi sana, ukikaa huku utawazoea), mfupi, koti lile lile masika na kipupwe. Nilimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza akaonekana kupenda. Yeye ananiita madam, hata anaponikaripia.

Somo la kwanza hakufundisha kitu. Alisema endesha unavyoendesha kwenu, mimi nitakaa tu. Tukapita katikati ya mji, tukapanda kilima hadi Old Town, tukateremka. Alikuwa na kikaratasi gotini anapiga vistari. Tuliposimama akasema: “Madam, gari unaliweza. Lakini mtahini hawezi kuingia kichwani mwako. Ambacho hakukuona ukikitazama, hukukitazama.”

Kwa sentensi hiyo alishapata hela yangu. Dereva wa Dar anaona, tena sana. Bodaboda inayopenya kushoto tunaijua kabla haijafika, na jinsi konda alivyoning'inia mlangoni inakuambia daladala itasimama wapi. Ila tunaona kwa pembe ya jicho, kichwa hakigeuki. Huku kuna mpangilio wake: kioo cha ndani, kioo cha pembeni cha upande unaokwenda, indiketa, ndipo uguse usukani. Ukiondoka kando ya barabara unageuza shingo utazame juu ya bega, hata kama mtaa mzima umelala. Mwalimu ana kioo chake kidogo amekibandika mbele, na hakitazami barabara, kinatazama macho yako. Tena ana swali moja analolitupa wakati wowote, hata katikati ya hadithi ya mtoto wake: “Gari lililo nyuma yetu rangi gani?” Mwanzoni nilikuwa natupa jicho kiooni ndipo najibu. Akasema hapana, jibu bila kutazama, ulitakiwa uwe umeshatazama. Ikafika mahali namtajia rangi kabla hajamaliza kuuliza, na kwamba dereva amevaa kofia.

Somo la taa nalo sijaliona likielezwa na mtu mwingine. Kwetu anayekuwashia full anakuambia napita mimi, wewe tulia hapo. Huku dereva akikupigia taa mara nyingi anakuachia njia. Sasa weka watu wawili kwenye mtaa mwembamba, magari yamepakiwa pande zote mbili, mmoja kakulia Dar mwingine huku Wiltshire, kila mmoja anaamini ameelewa. Kitabu chao cha sheria za barabarani, Highway Code, hakitambui maana yoyote kati ya hizo: taa ni za kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi. Mwalimu alinifundisha kuyatazama magurudumu. Yamepungua kweli? Yamesimama? Ndipo usogee, na usimpungie mtu mkono apite, kwa sababu wewe siye unayejua kinachokuja nyuma yake. Honi sijui hata iko wapi kwenye gari langu la sasa. Huruhusiwi kuipiga ukiwa umesimama, isipokuwa gari jingine linakuhatarisha, wala ukiendesha kwenye makazi ya watu kati ya saa 5:30 usiku na saa 1 asubuhi.

Waenda kwa miguu ni habari nyingine. Kanuni zilibadilishwa Januari 2022: ukikata kona kuingia mtaa, mtu anayesubiri kuuvuka una wajibu wa kumpisha, hata kama hakuna zebra. Asubiri yeye? Hapana, subiri wewe. Mara ya kwanza niliposimama bibi mmoja na mbwa wake walivuka bila kunitazama, nikakumbuka mama zetu wanavyokimbia Barabara ya Morogoro na beseni kichwani.

Na sasa vipilefti, ile mizunguko ya kwenye makutano ya barabara. Swindon ni mji mgumu kujifunzia udereva, na kwa mwenye mwalimu mzuri ndiyo faida yake. Karibu na uwanja wa mpira wa County Ground kuna wanachokiita Magic Roundabout, kilichojengwa 1972: vipilefti vidogo vitano vimekizunguka kimoja cha katikati. Vile vitano unavizunguka kama kawaida, sawa na mishale ya saa, lakini cha katikati magari yanakizunguka kinyume. Ukikiona kutoka ghorofa ya juu ya basi unadhani trafiki amekimbia kazi.

Mwalimu hakuniingiza huko kwa gari. Alipaki mtaa wa jirani, tukaenda kwa miguu, tukasimama kando, akaniambia nichague gari moja nilifuate kwa macho toka linapoingia hadi linapotoka. Nikachagua gari jekundu la posta. Likafika kwenye mstari, likapisha waliotoka kulia, likaingia. Mita chache mbele mstari mwingine, kulia tena, likapisha, likaenda. Mstari wa tatu. Likatoka. Akasema chagua jingine. Kila gari lilikuwa linafanya jambo moja tu, mstari hadi mstari, hakuna dereva hata mmoja aliyekuwa anakifikiria kizima. Tulisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Kisha tukarudi kwenye gari, nikakipita, nikatokea upande alioutaja, na breki yake ya upande wa abiria hakuigusa. Kama kuna kitu kimoja kilicholipa zile pauni 38 ni kusimama pale kando ya barabara. Shule yenye kifurushi cha saa 30 isingenishusha garini.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba hapa kusita ni kosa. Dar ukienda polepole unaitwa dereva makini, au mwanamke, wanavyopenda kusema. Huku ukifika kipilefti, nafasi ipo na hukuingia, mtahini anaandika. Vivyo hivyo nje ya mji: ukikuta ile alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari, kwenye barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, ukomo ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, kwenye vijia vyenye ua wa miti pande zote na kona usizoziona mwisho. Si lazima uzifikishe zote 60, na kwenye kona nyingine ni wazimu. Ila ukijikokota na 30 kwenye njia iliyonyooka na foleni nyuma yako, hilo nalo linaandikwa. Mwalimu alikuwa ananipigia goti: songa madam, songa.

Nadharia hafundishi, na haihitaji mwalimu. Maswali 50 kwa dakika 57, unatakiwa upate 43. Tafsiri za sauti za lugha za kigeni ziliondolewa mwaka 2014, kwa hiyo ni Kiingereza au Kiwelisi. Kiwelisi mjipime wenyewe. Kazi iko kwenye sehemu ya pili, ya video 14, ambako unabonyeza kila unapoona hatari inaanza kujitokeza, na kufaulu ni alama 44 kati ya 75. Kwa macho ya Dar kila kitu pale ni hatari: mtoto kasimama kando, mbwa, gari lililopakiwa, mtu anafungua geti. Ukibonyeza vyote mtambo unaona unabahatisha na kukupa sifuri kwenye video hiyo. Ushauri pekee alionipa Mwalimu ulitosha: usibonyeze unachokiogopa, bonyeza kile kitakachokulazimisha wewe kupunguza mwendo au kubadili uelekeo. Mtoto aliyesimama, acha. Mtoto aliyeanza kushuka kwenye ukingo, bonyeza.

Kupata tarehe ya mtihani wa barabarani ndiko kulikonipa jakamoyo kuliko mtihani wenyewe. Ratiba inafunguliwa hadi wiki 24 mbele, na sehemu nyingi imejaa mpaka huko. Nafasi mpya huingizwa Jumatatu saa 12 asubuhi. Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku, nakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na simu mkononi, viatu sijavua, nasukuma kalenda. Na hapo ndipo vishoka wanapoingia. Msidhani vishoka ni wa kwetu tu. Huku wako mtandaoni, wanazihodhi nafasi na kuziuza kwa bei mara kadhaa ya ile pauni 62, na wanakuomba namba ya leseni yako ya kujifunzia. Shoga yangu mmoja wa Reading alimtumia mtu hela akapewa tarehe isiyokuwepo. Nafasi inanunuliwa kwenye tovuti ya serikali, kwingine kote ni kucheza kamari na hela ya kodi ya nyumba. Na ukishaipata, ujue ukitaka kuihamisha au kuifuta lazima utoe taarifa siku 10 kamili za kazi kabla, la sivyo ada inapotea, kwa hiyo malizaneni na meneja wa zamu mapema.

Hapa pia Mwalimu alinifaa kwa njia ambayo mwanzoni ilinikera. Nilipopata tarehe ya karibu alikataa kunipa gari. Alisema bado nakata kona kulia huku nimetanua mapema mno, na kwamba kuanguka kutanirudisha kwenye kalenda ile ile ya saa 12 asubuhi. Nikanuna. Tukasogeza mbele.

Mtihani wenyewe hauna mengi. Unasoma namba ya gari kutoka mita 20, unaulizwa swali moja la gari kabla ya kuondoka na jingine ukiwa barabarani, mfano kuwasha kifuta ukungu cha kioo cha nyuma, kisha kama dakika 40 za kuendesha, na sehemu yake unafuata GPS au vibao bila kuelekezwa. Makosa madogo hadi 15 unapita, kubwa moja tu umeanguka. Mtahini hazungumzi, hacheki, hanuni. Wapo nyumbani waliopata leseni bila kupanda gari la mtihani, na sisemi ni akina nani, lakini mkija huku mjue ukimya ule hauna tafsiri, msijaribu kuusoma. Alipokwisha alinionyesha matokeo kwenye tableti yake, akanitakia siku njema. Mwalimu alikuwa anasubiri kwenye benchi na chupa yake ya chai.

Sasa ile nyota ya tano. Saa ya Mwalimu ina dakika 50. Anafika kwa wakati, sikatai, lakini kumi za kwanza ni salamu, hali ya hewa, timu ya Swindon Town, na malalamiko ya bei ya bima, gari limezimwa. Mwisho wa saa ukifika, umefika, hata kama uko katikati ya kurudi kinyumenyume. Nilimwambia. Akacheka, somo lililofuata akaanza kwa wakati, la baada ya hapo tukarudi kwenye hali ya hewa. Pia hana kitabu cha maendeleo. Vile vistari vya kikaratasini anavitupa. Kama unataka kujua ulipofikia, andika mwenyewe ukirudi nyumbani. Na ana nafasi za asubuhi tu siku za kazi, ambazo kwa mtu wa zamu za usiku maana yake ni kuendesha na usingizi machoni. Nilikuwa nasogeza somo mpaka siku zangu za kupumzika, na hiyo ilinichelewesha.

Kwa dereva anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kushika usukani, sidhani ndiye mtu wako. Hana subira ya kuondoka na kusimama. Kwa aliyeendesha miaka mingi nyumbani, aliyebakiwa na miezi michache kwenye ile 12, mchukue, umwambie mapema kwamba hutaki saa 30 bali unataka akupime. Ukishafaulu usijisahau, kwa miaka miwili ya kwanza ukifikisha pointi 6 leseni inafutwa na unarudi kwenye leseni ya kujifunzia, haijalishi Dar uliendesha tangu lini.

Namba yake siiweki hapa, mkiuliza kwa Wagoa wa mjini mtaipata. Anachukua mwanafunzi mpya pale tu wa zamani anapofaulu. Akisema hana nafasi mwachieni ujumbe mfupi wenye jina la mtaa mnaokaa, maana Highworth na Wroughton, nje kidogo ya mji, haendi.